Kingamwili za Uzao Mmoja na Utambuzi wa Seli za Saratani: Jambo Lenyewe na Majina Yake

Katika maarifa ya uganga yaliyozaliwa katika nusu ya pili ya karne ya 20, ni machache yaliyoenea upesi kama utengenezaji wa kingamwili za uzao mmoja. Mwaka 1975 zilikuwa kitu cha maabara moja tu katika mji wa Cambridge, Uingereza. Leo zimo katika vipimo vya damu, zimo mezani pa daktari achunguzaye vipande vya nyama kwa darubini, na zimo katika chupa za dawa. Pamoja nazo yamekuja majina mengi, na majina hayo yameingia katika Kiswahili kwa njia mbalimbali: mengine yamefasiriwa, mengine yamekopwa, na mengine yangali yakingoja mlangoni. Makala haya yana makusudi mawili. La kwanza ni kueleza kingamwili hizi ni nini na jinsi zinavyoitambua seli ya saratani. La pili ni kuyapima majina yenyewe, ili ijulikane ni yapi yanayobeba maana sawasawa na ni yapi yanayompoteza msikiaji njia.

Jambo hili si la wanazuoni peke yao. Mgonjwa anayepewa karatasi yenye jina la kipimo, namba, na neno "chanya", hupewa ndani ya karatasi hiyo habari ya maisha yake. Neno likiwa limewekwa vibaya, mgonjwa huogopa pasipo sababu, au hutulia pasipo sababu. Na makosa yote mawili yana gharama yake.

I. Kingamwili na antijeni

Mwili unapoingiwa na kitu kigeni, kama vile bakteria, virusi au sumu, hutengeneza katika damu protini za namna ya pekee zenye kukishika kitu hicho. Protini hizo ndizo kingamwili. Umbo la kingamwili ya kawaida ni kama herufi Y: minyororo minne ya protini, miwili mizito na miwili myepesi, imefungamana pamoja, na kwenye ncha mbili za juu pana mahali pa kushikia. Rodney Porter wa Uingereza na Gerald Edelman wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1972 kwa kuupambanua muundo huo. Ncha hizo hazishiki kila kitu. Kila kingamwili ina umbo lake, na hukishika kile tu kinacholingana na umbo hilo, kama vile kitasa kisivyofunguka ila kwa ufunguo wake. Kitu kinachoshikwa huitwa antijeni.

Majina haya mawili ni ya mwisho wa karne ya 19. Mwaka 1890 Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo, wakifanya kazi mjini Berlin, walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyekwisha kupata kinga ya pepopunda yaweza kumkinga mnyama mwingine. Muda si mrefu Paul Ehrlich alilitumia neno la Kijerumani "Antikörper" kwa kitu kile kilichomo katika damu. Hapa pana jambo ambalo mwanaisimu hana budi kuliangalia. Katika neno hilo, "Körper" si mwili wa mtu. Ni kitu kidogo, chembe yenye umbo lake. Mjerumani alisema, basi, "chembe ipingayo". Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Katika neno "kingamwili", kwa desturi ya Kiswahili ya kutanguliza nomino kuu, mwili ni mwili wa mtu au mnyama, nayo kinga ni kinga yake. Mjerumani alikitaja kitu kwa upinzani wake. Mswahili alikitaja kwa faida ya yule anayekingwa. Si kosa kwa lugha kuchagua upande wake wa kutazamia, lakini upande huo una matokeo, kama itakavyoonekana baadaye.

Neno "antijeni" lina shida ya namna nyingine. Lilianza kutumiwa mwaka 1899 na László Detre, mtaalamu wa Hungaria, na sehemu yake ya mwisho yatokana na mzizi wa Kiyunani wenye maana ya kuzaa: antijeni ni kile kinachosababisha kingamwili izaliwe. Lakini Kiswahili cha leo kina pia neno "jeni", yaani kile kibebacho urithi kutoka kwa wazazi hadi kwa watoto. Maneno hayo mawili yametoka katika shina moja la Kiyunani, lakini yamekwenda njia mbalimbali. Mwanafunzi anayeligawa neno "anti-jeni" kwa akili yake mwenyewe atapata "kitu kinachopinga jeni", na hapo atakuwa ameelewa kinyume kabisa. Neno hili limekwisha kuenea na halina haja ya kufukuzwa. Lakini kila kitabu cha shule kinacholitumia chapaswa kulieleza mara ya kwanza linapotokea.

II. Maana ya uzao mmoja

Kabla ya mwaka 1975, mtu aliyetaka kingamwili za kufanyia kazi alimdunga mnyama antijeni, kisha akamtoa damu. Maji ya damu hiyo yalikuwa na kingamwili za kila namna, zenye kushika sehemu mbalimbali za antijeni, pamoja na nyingine zisizohusika. Hapakuwa na wanyama wawili waliotoa mchanganyiko ulio sawa. Na mnyama akifa, kingamwili zake ziliisha pamoja naye.

Mwaka 1957 Frank Macfarlane Burnet wa Australia alitoa wazo kwamba kila seli ya kinga hutengeneza kingamwili ya namna moja tu, na kwamba antijeni ikija, huichagua seli inayolingana nayo, na seli hiyo huzaa nyingine nyingi zilizo sawa nayo. Wazo hilo lilithibitika. Ilionekana wazi, basi, kwamba mtu akiweza kuishika seli moja na kuikuza peke yake katika chupa, angepata kingamwili ya namna moja isiyochanganyika. Lakini seli hizo zikitolewa mwilini hufa baada ya siku chache.

Georges Köhler, Mjerumani, na César Milstein, mzaliwa wa Bahía Blanca katika Argentina, waliipata njia katika maabara ya Cambridge. Walimdunga panya mdogo chembe nyekundu za damu ya kondoo, kisha wakachukua seli za bandama yake, ambayo wengine huiita wengu, maana humo seli zitengenezazo kingamwili ni nyingi. Seli hizo waliziunganisha na seli za saratani ya panya, saratani itokayo katika ukoo uleule wa seli za kinga. Seli za saratani zina sifa moja ambayo seli njema hazina: huendelea kugawanyika katika chupa pasipo kikomo. Seli chotara iliyopatikana ilirithi pande zote mbili: kutoka kwa seli ya bandama ilipata elimu ya kutengeneza kingamwili fulani, na kutoka kwa seli ya saratani ilipata maisha yasiyokoma.

Ilibaki kazi ya kuzitenga chotara na zile zisizoungana. Seli za saratani zilizotumiwa zilikuwa zimechaguliwa kwa sababu zimepungukiwa kimeng'enya kimoja. Kila seli ina njia mbili za kujipatia viungo vya kutengenezea DNA. Katika maji ya kukuzia hutiwa dawa inayoifunga njia ya kwanza. Na njia ya pili haipitiki pasipo kimeng'enya kile. Basi seli za saratani zilizobaki peke yake hufa, maana njia zote mbili zimefungwa. Seli za bandama zilizobaki peke yake nazo hufa kwa ufupi wa maisha yake. Chotara tu ndizo zinazoishi. Baadaye hugawanywa katika vishimo vidogo vya kibao cha maabara, kwa kipimo cha seli moja katika kila kishimo, na kila seli huachwa izae. Kishimo kitakachoonekana kutoa kingamwili inayotakiwa ndicho kinachoendelezwa.

Habari hiyo ilitangazwa katika jarida la Nature mwezi wa Agosti 1975. Uvumbuzi haukuwekewa hataza, na maabara za nchi nyingi zikaufuata. Köhler na Milstein, pamoja na Niels Jerne, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Na hapa ni kweli kwa namna ya ajabu, kwamba chombo cha kuitambulia saratani kimepata uhai wake kutoka kwa saratani.

Neno la kimataifa kwa seli zote zilizotokana na seli moja ni "kloni", nalo latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kitawi. Ni lugha ya wakulima. Mswahili anaifahamu kazi hiyo vizuri: mhogo haupandwi kwa mbegu bali kwa vipande vya shina, na shamba zima lililotokana na shina moja huwa na mihogo ya namna moja, mitamu yote au michungu yote. Kwa hiyo "monokloni" si wazo geni, ingawa neno ni geni. Wengine wamependekeza "kingamwili za ukoo mmoja". Lakini ukoo hukusanya watu wasiofanana, binamu na mashangazi, na katika habari hii neno "ukoo" lafaa zaidi kwa makundi ya seli yenye asili moja ya mbali. "Uzao mmoja" hukaribia zaidi, kwa kuwa husema seli moja na wazao wake tu. Ndiyo sababu makala haya yametumia neno hilo.

III. Kwa nini antijeni za saratani ni ngumu kupatikana

Neno "saratani" limetoka katika Kiarabu, nalo maana yake ni kaa wa baharini. Neno "kansa" limepita katika Kiingereza kutoka Kilatini, na maana yake ya asili pia ni kaa, kwa kufuata waganga wa Kiyunani walioufananisha uvimbe na mishipa yake na kaa mwenye miguu iliyotandazwa. Maneno yote mawili, basi, yanabeba picha moja. Lakini hakuna hata moja linalomwonyesha Mswahili wa kawaida picha hiyo, isipokuwa wale wa pwani wenye elimu ya falaki, waijuao burji ya Saratani. Picha ya kaa inadokeza mnyama aliyeingia kutoka nje. Ukweli sivyo. Seli ya saratani ni seli ya mwili wenyewe iliyoacha kutii mpango wa kugawanyika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kingamwili hutambua kitu kwa ugeni wake, na seli ya saratani si ngeni sana. Sehemu kubwa ya antijeni zake ni zilezile za seli njema. Wachunguzi wametafuta kwa miaka mingi antijeni iliyo ya saratani peke yake, na mara nyingi walichokipata ni antijeni ya mwili iliyozidi kiasi, au iliyo mahali pasipo pake, au iliyo katika wakati usio wake.

Mfano wa wakati usio wake ni antijeni iliyotangazwa mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman katika mji wa Montreal, Kanada. Waliikuta katika saratani ya utumbo mpana, na tena katika utumbo wa mtoto aliye tumboni mwa mama. Katika mtu mzima mwenye afya ilikuwa haba. Seli ya saratani, kana kwamba imerudia utoto wake, ilikuwa inatengeneza kitu ambacho utumbo ulikuwa umeacha kukitengeneza. Lakini baadaye ilionekana kwamba antijeni hiyo huongezeka pia katika damu ya wavutaji wa sigara na katika magonjwa mengine yasiyo saratani.

Mfano wa pili una asili yake Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza saratani ya taya iliyowapata watoto wengi wa sehemu hizi. Hata leo ugonjwa huo huitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1981 wachunguzi wa Ufaransa walitangaza kingamwili ya uzao mmoja inayoshika antijeni iliyo juu ya seli za saratani hiyo. Kwa mara ya kwanza ilidhaniwa kwamba imepatikana alama ya ugonjwa wenyewe. Mwaka 1983 antijeni hiyo ilijulikana kuwa ni mafuta yaliyounganishwa na sukari, kitu ambacho kilikwisha kujulikana katika elimu ya makundi ya damu. Tena imeonekana katika seli njema za kinga zilizo katika hatua fulani ya kukua. Haikupoteza faida yake, bali maana yake ilibadilika: yaonyesha ni seli ya aina gani iliyoasi, na iliasi ikiwa katika hatua gani.

Hiyo ndiyo kazi kubwa ya kingamwili hizi mezani pa daktari. Kipande chembamba cha uvimbe hutiwa kingamwili iliyofungwa na rangi au na kimeng'enya kiletacho rangi. Mahali ilipo antijeni, rangi ya kahawia huonekana chini ya darubini. Uvimbe mbili zaweza kufanana kwa macho, ilhali mmoja umetoka katika seli za ngozi ya ndani ya viungo na mwingine katika seli za kinga, na matibabu yake ni mbalimbali kabisa. Kingamwili ya keratini ikishika, jibu ni la kwanza. Kingamwili ya antijeni ya seli nyeupe za damu ikishika, jibu ni la pili. Kingamwili haikusema "hii ni saratani". Imesema "seli hii ni ya kabila fulani". Hukumu ya saratani hutolewa na daktari, kwa kuyatazama maumbo yote pamoja.

IV. Namba katika karatasi

Mwaka 1981 Robert Bast na wenzake mjini Boston walieleza kingamwili waliyoiita OC 125, inayoshika antijeni ya saratani ya mifuko ya mayai ya mwanamke. Antijeni hiyo, iitwayo CA 125, humwagika katika damu na yaweza kupimwa. Mwaka 1983 walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 101 wa saratani hiyo, 83 walikuwa na zaidi ya yuniti 35 kwa mililita. Na kati ya watu 888 walioonekana kuwa na afya, ni asilimia 1 tu waliopita kiasi hicho. Kwa msomaji wa haraka, kipimo hiki karibu hakina kasoro.

Lakini ifanywe hesabu. Ichukuliwe kwa mfano kwamba wanawake 10,000 wasio na dalili wamepimwa, na kwamba 4 kati yao wanao ugonjwa. Kipimo kitawapata 3 kati ya hao 4. Lakini asilimia 1 ya wale wazima ni watu 100 hivi. Watakaoambiwa kwamba wamepita kiasi ni 103, na wagonjwa wa kweli kati yao ni 3. Tena, antijeni hii hupanda wakati wa mimba na wa hedhi, na hupanda sana katika kifua kikuu kilichoingia tumboni, ugonjwa usio mgeni katika nchi za Afrika Mashariki. Mwanamke mwenye tumbo lililojaa maji na namba kubwa katika karatasi yaweza kuwa ugonjwa wake ni ule unaopona kwa vidonge.

Uingereza ilifanya uchunguzi mkubwa wa jambo hili ulioanza mwaka 2001, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba upimaji huo wa watu wasio na dalili haukupunguza vifo vya saratani ya mifuko ya mayai. Kipimo kimebaki na kazi yake nyingine, ambayo anaifanya vema: kumfuata mgonjwa aliyekwisha kujulikana, na kuona kama matibabu yanashika au ugonjwa unarudi.

Kuna kipimo kingine kinachofundisha zaidi. Mwaka 1979 Hilary Koprowski na wenzake katika Taasisi ya Wistar, Philadelphia, walitangaza kingamwili inayoshika antijeni iitwayo leo CA 19-9, inayotumika hasa katika saratani ya kongosho. Antijeni hiyo ni sukari ya jamii ya kundi la damu la Lewis. Mtu asiye na kundi hilo hawezi kuitengeneza antijeni hii, hata akiwa na saratani kubwa. Katika Marekani watu wasio na kundi la Lewis ni kama asilimia 6 ya watu weupe na asilimia 22 ya watu wenye asili ya Afrika. Kwa mtu wa namna hiyo, namba ndogo katika karatasi haisemi neno lolote. Kipimo hakikusema uongo. Hakikuwa na lugha ya kusema naye.

V. Wataalamu wanavyopatana juu ya majina

Baada ya mwaka 1975 kila maabara ilitengeneza kingamwili zake na kuzipa majina yake. Antijeni moja iliweza kuwa na majina matatu au manne, kwa kadiri ya maabara zilizoigundua. Mwaka 1982 wataalamu walikutana Paris, wakazikusanya kingamwili za seli nyeupe za damu, wakazipima upya bila kutazama majina, na zile zilizoshika kitu kimoja zikawekwa kundi moja na kupewa herufi CD na namba. Ndivyo antijeni iliyokuwa ikiitwa B1 ilivyokuwa CD20, na ile ya limfoma ya Burkitt ikawa CD77. Wasomaji wanaoikumbuka kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 wataitambua kazi hii: mahali penye lahaja nyingi, lugha moja ya kuandikiana. Tofauti ni kwamba wataalamu wa Paris walichagua namba, na namba haina kabila wala haimwonei mtu wivu.

Majina ya dawa yalifuata njia nyingine, na mwanaisimu atayapenda zaidi, maana yana mofolojia. Shirika la Afya Duniani, ambalo lilitoa orodha yake ya kwanza ya majina ya dawa ya kimataifa mwaka 1953, liliweka kanuni kwamba dawa iliyo kingamwili ya uzao mmoja iishe kwa "-mab". Kabla ya mwisho huo paliwekwa kiambishi cha asili: "o" kwa panya mdogo wa maabara, "a" kwa panya mkubwa, "u" kwa mwanadamu, "xi" kwa chotara wa mnyama na mtu, "zu" kwa ile iliyofanywa kuwa ya kibinadamu karibu yote. Kabla yake tena kiliwekwa kiambishi cha shabaha, na "tu" kilimaanisha uvimbe. Basi rituximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, yasomeka hivi: ri-tu-xi-mab. Trastuzumab, iliyoidhinishwa mwaka 1998, ni tras-tu-zu-mab. Msemaji wa lugha ya Kibantu, aliyezoea neno moja kubeba nafsi, wakati na mtendwa kwa mpangilio usiobadilika, hawezi kuona shida katika jambo hili. Shida yake ni moja ndogo: irabu "o" na "a" zawatenga wanyama wawili ambao Kiswahili huwaita wote panya.

Viambishi vya asili vilikuwa na sababu. Kingamwili za panya mtupu zilipotiwa katika damu ya watu, mwili wa mgonjwa uliziona kuwa ngeni ukatengeneza kingamwili dhidi yake. Ndiyo maana wataalamu walizibadili hatua kwa hatua zikafanana na za watu. Lakini mipaka ya hatua hizo haikuwa wazi siku zote, na mwaka 2017 viambishi vya asili viliondolewa katika majina mapya. Mwaka 2021 hata "-mab" iliachwa kwa majina mapya, mahali pake pakawekwa miisho minne kwa kadiri ya umbo la kingamwili. Majina ya zamani hayakuguswa. Sarufi hii, kama sarufi nyingine, ina maneno yanayohifadhi kanuni zilizokwisha kufa.

VI. Neno "chanya" na kazi iliyobaki

Trastuzumab hushika antijeni iitwayo HER2, ambayo imezidi kiasi katika saratani 15 hadi 20 kati ya kila 100 za matiti. Kabla ya kutolewa dawa, kipande cha uvimbe hupimwa kwa kingamwili na kupewa daraja kutoka 0 hadi 3. Aliye na daraja 3 huitwa chanya, na dawa yaweza kumfaa. Daraja 2 hupimwa tena kwa njia nyingine. Mwaka 2015 dawa hii, pamoja na rituximab, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa za lazima kwa matibabu ya saratani.

Neno "chanya" hapa limefunua udhaifu wake. Katika mazungumzo ya kila siku, mtazamo chanya ni mtazamo mwema. Katika hesabu, namba chanya ni iliyo juu ya sifuri. Katika kipimo, chanya ni "kilichotafutwa kimeonekana". Mwanamke aliyeambiwa kwamba CA 125 yake ni chanya ameambiwa jambo la kumtia hofu, nalo laweza kuwa si kitu. Mwanamke aliyeambiwa kwamba uvimbe wake ni HER2 chanya amefunguliwa mlango wa dawa. Neno moja limefanya kazi tatu, na mgonjwa huachwa achague mwenyewe. Kwa hiyo yafaa katika karatasi na katika maelezo ya mdomo kutumia kitenzi pamoja na kitu chenyewe: "antijeni ya HER2 imeonekana kwa wingi", "CA 125 imepita kiasi cha kawaida". Maneno ni mengi zaidi kidogo, lakini hayaachi nafasi ya kubahatisha. Kadhalika "alama ya saratani" ingefaa kuitwa "alama ya kufuatilia saratani" pale ambapo kazi yake ni kufuatilia, ili jina lisiahidi zaidi ya kipimo.

Imebaki "kingamwili" yenyewe. Kingamwili iliyo ndani ya kibao cha maabara haimkingi mtu yeyote. Kazi yake ni kushika na kuonyesha. Je, jina limekosea? Kwa muundo wake, ndiyo, kwa kuwa mwili umetajwa na hapana mwili. Lakini kitenzi "kukinga" kina maana ya pili ambayo kamusi haziisahau: mtu hukinga maji ya mvua kwa ndoo chini ya paa, na hukinga mikono kupokea kitu. Kukinga huku si kuzuia. Ni kuweka chombo mahali hasa kinapodondoka kile kinachotakiwa, kisipotee. Mwalimu anayeeleza kipimo cha damu aweza kulitumia jambo hilo bila kubuni neno jipya: kingamwili imewekwa ndani ya kibao kama ndoo chini ya paa, nayo hukinga antijeni moja tu, hata damu ikiwa na elfu nyingine. Wanafunzi wa uganga wanaofundishwa kwa lugha ya kigeni na kuzungumza na wagonjwa kwa Kiswahili wanahitaji mifano ya namna hii kuliko wanavyohitaji orodha ndefu ya istilahi. Istilahi huweza kukopwa kwa siku moja. Njia ya kueleza haina budi kutafutwa ndani ya lugha yenyewe, na kwa habari hii imo.